Tufungue Mzigo Kabla ya Kuuingiza Nyumbani

Nusu sekunde ni muda mdogo mno. Haumtoshi mtu hata kulitamka jina lake na la baba yake. Lakini katika mwezi wa Machi, 2024, nusu sekunde iliyopotea ndani ya kompyuta ya mtu mmoja ndiyo iliyoinusuru dunia na hujuma ambayo huenda isingalikuwa na mfano. Twamwomba msomaji atuvumilie tuieleze habari hii tangu mwanzo wake. Ingawa ilitokea mbali na kwetu, mlango uliokusudiwa kufunguliwa kwa siri ni mlango uliomo katika nyumba nyingi za ulimwengu, na za kwetu pia.

Bwana Andres Freund ni mhandisi wa kampuni ya Microsoft, tena ni mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, programu mashuhuri ya kutunzia kumbukumbu. Siku hizo alikuwa akipima mwendo wa kazi yake, na kipimo cha namna hiyo chataka kompyuta iliyotulia. Akaona kwamba kila mtu alipobisha hodi kwa njia ya SSH, yaani mlango ambao mafundi huutumia kuingia katika kompyuta iliyo mbali, mashine ilihangaika kuliko desturi yake. Hapo zamani mlango ule ulijibu kwa muda wa sekunde 0.3, sasa ulichukua sekunde 0.8. Mtu mwingine angalisema, "Si kitu," akaendelea na shughuli zake. Yeye hakusema hivyo. Aliifuata ile nusu sekunde kama mwindaji afuatavyo tone la damu majanini, mpaka akafika mahali asipopatazamia kabisa: ndani ya kifurushi kidogo kiitwacho xz, ambacho kazi yake ni kufinya mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Tarehe 29 Machi, 2024 alitangaza hadharani kwamba matoleo mawili mapya ya kifurushi hicho, namba 5.6.0 na namba 5.6.1, yalikuwa na mlango wa siri uliofichwa ndani yake.

Mlango huo haukuwa wa kila mwizi. Uliwekwa kwa namna ambayo mwenye ufunguo mmoja tu, ambao aliushika yeye peke yake, angaliweza kuupita na kuiamuru kompyuta ya watu ifanye apendavyo. Wanaopima hatari za namna hii waliupa alama 10 kati ya 10. Na kompyuta zilizokusudiwa ni zile zinazotumia mfumo wa Linux, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti: mabenki, mahospitali, vyuo, maofisi ya serikali na magazeti.

KIFURUSHI NI NINI?

Wako wasomaji wetu ambao si mafundi wa kompyuta, na hao wana haki ya kuuliza: kifurushi ni nini, na kwa nini kitu kidogo cha kufinyia mafaili kiweze kuuhatarisha mlango wa nyumba?

Mtazame fundi seremala wa Keko anapotengeneza kabati. Hafui misumari yake mwenyewe, wala hatengenezi bawaba, wala kitasa, wala gundi. Huvinunua dukani, akavitia katika kazi yake, na kabati likiisha huitwa kabati la fundi fulani. Ndivyo ilivyo kazi ya kuandika programu. Kijana anayetengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa au ya kulipa ada za shule haandiki kila kitu kwa mkono wake. Yako maghala makubwa katika intaneti, kama lile liitwalo npm na lile liitwalo PyPI, ambamo watu wa mataifa yote huweka sehemu za programu walizokwisha kuziandika, na mtu yeyote huchukua bila ya malipo. Sehemu hizo ndizo vifurushi. Nazo zenyewe huchukua vifurushi vingine, na hivyo vingine huchukua vingine tena; hata fundi aliyetaka vitu kumi hujikuta ameingiza mia kadhaa, ambavyo vingi hajapata kuvisikia hata majina.

Huo ndio mnyororo wa ugavi wa programu. Kila pete yake ni mkono wa mtu, na ikiwa mkono mmoja ni mchafu, uchafu hufika mpaka kwa mlaji.

Katika habari ya xz, mlango wa SSH wenyewe haukihitaji kifurushi kile. Lakini watengenezaji wa baadhi ya mifumo ya Linux, kama vile Debian na Fedora, waliuunganisha mlango huo na sehemu nyingine ya mfumo iitwayo systemd, na systemd nayo ikawa inakitumia kifurushi cha xz. Basi mtu aliyetaka kuuvunja mlango hakwenda mlangoni, ambako walinzi ni wengi. Alikwenda kwa mfua misumari, ambako hapakuwa na mlinzi hata mmoja.

NAMBA NI AHADI, HAITOSHI KUWA USHAHIDI

Vifurushi havikai hali moja. Mwenye kifurushi akiona kasoro huirekebisha, akatoa toleo jipya na kulipa namba. Desturi iliyoenea ni ya namba tatu. Namba ya kwanza ikibadilika, maana yake mambo makubwa yamebadilika na huenda kazi yako ikavunjika. Namba ya pili ikibadilika, kimeongezwa kitu kipya pasipo kuharibu cha zamani. Namba ya tatu ikibadilika, ni marekebisho madogo tu. Desturi hii ni njema, na imewaondolea mafundi taabu nyingi.

Lakini yatupasa tukumbuke jambo moja ambalo wengi hulisahau. Namba huandikwa na mwenye kutoa. Ni neno lake mwenyewe juu ya kazi yake mwenyewe. Mfanyabiashara akiandika juu ya gunia "mchele safi," maandishi hayo hayaugeuzi mchele ulio ndani. Toleo 5.6.1 la xz kwa namba yake lilikuwa ni rekebisho dogo la toleo 5.6.0, na kumbe marekebisho yale yalikuwa na kazi ya kuuficha mlango wa siri vizuri zaidi kuliko kwanza!

Tena mafundi wengi huwapa mashine zao ruhusa ya namna hii: "Nichukulie kifurushi hiki, na likitoka toleo jipya kidogo kuliko hili, nichukulie hilo." Mashine hutii. Usiku fundi amelala, mzigo mpya umeletwa, umefunguliwa, umetiwa ndani ya nyumba. Na asubuhi akiamka huikuta programu yake inafanya kazi kama jana, asijue kwamba si ile ya jana.

SUBIRA YA ADUI

Sasa tuseme jinsi xz ilivyotekwa, kwa kuwa fundisho lililomo humo ni la wanadamu zaidi kuliko la mashine.

Kwa miaka mingi kifurushi kile kilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Bwana Lasse Collin. Hakuwa na mshahara wa kazi hiyo. Aliifanya kwa kuipenda, katika saa za mapumziko yake, na makampuni yenye mali isiyohesabika yakaitumia kazi yake bila ya kuulizana, "Huyu bwana anakula nini?"

Mwaka 2021 alitokea mtu katika intaneti aliyejiita Jia Tan. Akaanza kuleta msaada: rekebisho dogo hapa, rekebisho dogo pale, yote mazuri. Mwaka 2022 yakasikika majina mengine yasiyojulikana yakimlaumu Bwana Collin mbele ya watu kwamba kazi yake yaenda polepole mno, na kwamba afadhali ampokee mtu wa kumsaidia. Yeye akajibu kwa uungwana kwamba nguvu zake zimepungua, na kwamba wakumbuke kuwa hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Wakazidi kumsonga. Naye, kama ambavyo angalifanya mtu yeyote aliyechoka, akampa sehemu ya mzigo yule aliyekuwa karibu naye akionyesha moyo wa kusaidia. Kufika mwaka 2023 Jia Tan alikuwa akitoa matoleo mwenyewe, na mwezi wa Februari, 2024 akalitoa lile toleo la kwanza lenye mlango wa siri.

Zaidi ya miaka miwili ya adabu, bidii na kazi njema, kwa ajili ya siku moja ya hiana! Mpaka leo hajulikani kwa hakika mtu huyo ni nani, wala kama ni mmoja au ni wengi waliovaa jina moja. Wazee wetu walipotuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wakizungumza na watu wa zama hizi pia.

Na tazama jinsi hila yenyewe ilivyofanywa. Maandishi ya programu ya xz yalikuwa wazi, na kila mtu aliruhusiwa kuyasoma. Lakini mafundi wa mifumo hawayachukui maandishi yale kutoka mahali pale yanaposomwa. Huchukua furushi lililokwisha kufungwa na mwenye kutoa toleo. Mle furushini iliongezwa amri ambayo haikuwamo katika maandishi ya wazi. Amri hiyo ilikwenda kuichukua sumu yenyewe katika mafaili mawili yaliyodaiwa kuwa ni ya majaribio tu, ambayo hayakuandikwa kwa maneno ya kusomeka, nayo yalikuwa yamekaa mbele ya macho ya watu wote. Basi aliyesema, "Programu hii ni huria, maelfu ya watu wanaiangalia," hakusema uongo. Lakini maelfu hao walikuwa wakiangalia dirisha, na mzigo ukapitia mlangoni.

SI MARA YA KWANZA WALA YA MWISHO

Mtu asidhani kwamba haya yalitokea mara moja. Mwaka 2018 kifurushi kilichoitwa event-stream, ambacho kilichukuliwa zaidi ya mara milioni moja kila juma, kilikabidhiwa na mwenyewe kwa mgeni aliyejitolea kukitunza, kwa sababu mwenyewe alikuwa hakitumii tena. Mgeni yule akaongeza ndani yake kifurushi kingine kidogo, na hicho kidogo kilikuwa na kazi ya kuiba fedha za watumiaji wa pochi moja ya bitcoin iitwayo Copay. Kilitiwa mwezi wa Septemba. Hakikugunduliwa mpaka Novemba.

Mwaka 2020 ikaja habari ya SolarWinds ya Marekani. Hapo wadukuzi waliingia katika kiwanda chenyewe cha programu iitwayo Orion, wakatia sumu yao kabla toleo halijafungwa na kupigwa muhuri. Muhuri ukawa ni wa halali, na kilichomo ndani kikawa ni haramu. Wateja wapatao 18,000 walilichukua toleo lile, zikiwamo idara za serikali ya Marekani.

Na tarehe 8 Septemba, 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya npm alidanganywa kwa barua ya uongo iliyojifanya kuwa inatoka kwa wenye ghala. Akaingia mtegoni, na vifurushi 18, ambavyo kwa jumla huchukuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kila juma, vikatolewa matoleo yenye sumu ya kuiba fedha za kidijitali. Kwa bahati njema viligunduliwa katika muda wa saa chache. Siku chache baadaye mwezi huo huo akazuka mdudu aliyepewa jina la Shai-Hulud. Huyu aliiba funguo za siri za kila fundi aliyemwingia, akazitumia funguo hizo kujichapisha katika vifurushi vingine vya fundi yule, mpaka akavifikia zaidi ya vifurushi 500. Huo si wizi tena. Ni maradhi ya kuambukiza.

JE, TUKATAE KILA KIPYA?

Hapa pana mtu atakayesema: "Kama ni hivyo, dawa ni rahisi. Tusipokee toleo jipya lolote. Tubaki na la zamani tulilolizoea." Na kweli, katika habari ya xz, waliokuwa katika matoleo yaliyotulia ya Debian na ya Red Hat hawakudhurika, maana toleo lile lilikuwa bado halijawafikia, waliopatwa ni wale waliopenda kupokea kila kipya siku ile ile kinapotoka. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini sisi twasema kwamba dawa hiyo nayo ni sumu. Tarehe 7 Machi, 2017 ulitangazwa ufa mkubwa katika kifurushi kiitwacho Apache Struts, na dawa ya kuuziba ikatolewa pamoja na tangazo lenyewe. Kampuni ya Equifax ya Marekani, yenye kutunza habari za madeni ya watu, haikuuziba. Katika mwezi wa Mei wezi wakaingia, wakakaa humo mpaka Julai, wakatoka na habari za siri za watu wapatao milioni 147. Toleo jipya lilikuwapo. Halikuwa na sumu. Halikuchukuliwa, basi. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na mwezi wa Desemba, 2021 ulipotokea ufa wa Log4j, kifurushi cha kuandikia kumbukumbu katika programu za Java, jambo lililowatesa mafundi wa dunia nzima lilikuwa hasa ni kutojua. Wengi hawakuweza kujibu swali jepesi kabisa: "Je, kitu hiki kimo ndani ya nyumba yetu?" Kilikuwamo ndani ya kifurushi kilichomo ndani ya kifurushi, na hapakuwa na mtu aliyepata kuandika orodha.

Basi njia ni nyembamba, nayo ina shimo kila upande. Anayepokea kila kitu bila ya kutazama atapokea sumu. Anayekataa kila kitu bila ya kutazama ataikosa dawa. Makosa ya wawili hao ni moja: hawakutazama.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwanza, tuijue mali yetu. Kila idara, kila chuo na kila kampuni inayotumia programu iwe na orodha ya vifurushi vilivyomo, pamoja na namba ya toleo la kila kimoja. Serikali ya Marekani iliwaagiza wanaoiuzia programu watoe orodha ya namna hiyo kwa amri ya mwezi wa Mei, 2021. Na Umoja wa Ulaya umepitisha sheria iliyoanza kuhesabika tarehe 10 Desemba, 2024, ambayo sehemu yake kubwa itawabana watengenezaji kuanzia Desemba, 2027. Mwenye duka asiyejua kilichomo katika ghala lake hawezi kujua kilichoibwa.

Pili, tufunge namba. Mashine isiachiwe kuchagua toleo usiku. Iandikiwe namba kamili inayotakiwa, pamoja na alama ya furushi lenyewe, ambayo ni kama alama ya kidole: ikibadilika hata herufi moja ndani ya furushi, alama nayo hubadilika, na mashine hukataa. Zana za kazi hii zipo, tena hazina bei.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusome tofauti. Kila toleo jipya linapokuja, lilinganishwe na lile la zamani, na mtu mwenye akili yake ayasome yaliyoongezwa na yaliyoondolewa. Tena alisome furushi lenyewe litakaloingia nyumbani, wala asitosheke na maandishi yaliyowekwa dirishani. Namba ikisema ni rekebisho dogo na ndani mna mistari elfu mipya, aulize. Kikitokea kifurushi kingine ambacho jana hakikuwapo, aulize. Ikionekana amri mpya inayofanya kazi wakati wa kusimika, au faili lisilosomeka, au maneno yaliyofumbwa kwa makusudi, aulize kwa sauti kubwa.

Nne, tuangalie mkono unaotoa. Je, mtunzaji ni yule yule wa miaka yote, au amekuja mwingine? Amekuja lini, na kwa nini? Haya si matusi kwa mgeni. Hata mjini kwetu, duka likibadili mwenyewe, wateja huuliza.

Tano, tungoje kwa kipimo. Toleo la kawaida, lisiloziba ufa wowote, halipotezi kitu likikaa siku kadhaa kabla ya kupokewa. Aliyengoja siku tatu tu mwezi wa Septemba, 2025 hakuipata sumu ya tarehe 8, maana ilikwisha kuondolewa. Lakini toleo linaloziba ufa uliotangazwa lisomwe siku ile ile na kupokewa upesi, kwa kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Wala mtu asifanye kungoja kuwa ndiyo ngao yake pekee. Sumu ya xz ilikaa zaidi ya mwezi mzima bila ya kugunduliwa. Aliyengoja siku tatu angaliipokea siku ya nne. Kungoja huwafaa wengi kwa sababu tu kuna wachache ambao hawangoji bali wanasoma. Kama sote tutangoja, nani atasoma?

Sita, tupunguze. Mwezi wa Machi, 2016 mtu mmoja aliyekasirika aliviondoa vifurushi vyake katika ghala la npm, na kimoja chao, kilichoitwa left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya kuongeza nafasi kushoto mwa maneno. Kwa kutoweka kwa mistari hiyo 11, programu nyingi za makampuni makubwa zilishindwa kujengwa siku ile. Mistari 11 fundi huiandika kabla chai haijapoa. Kila kifurushi tusichokichukua ni mzigo mmoja uliopungua wa kufungua.

Tunajua kwamba ofisi yenye mafundi wawili haiwezi kusoma kila mstari wa vifurushi mia tano. Hilo ni kweli, wala hatutaki kuwadai watu yasiyowezekana. Lakini waweza kuanza na vile vilivyo karibu na mlango: vinavyogusa fedha, maneno ya siri, na habari za wagonjwa. Tena waweza kugawana. Ofisi kumi zinazotumia kifurushi kimoja hazina haja ya kukisoma mara kumi. Zikiaminiana na kuandikiana, kila moja itasoma sehemu yake na zote zitalala salama.

MZIGO WA MWENZIO

Limebaki neno moja ambalo pasipo hilo hayo mengine yote hayatatosha. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa kichwani mwa mwingine wauona mwepesi. Dunia nzima iliuona mzigo wa Bwana Collin kuwa ni usufi. Hakuna aliyemuuliza kama shingo inamuuma, ila yule aliyetaka kumwibia.

Hapo ndipo penye aibu, na hapo ndipo penye dawa. Adui hakuvunja kufuli. Alitumia upweke wa mtu mmoja. Kama mtunzaji yule angalikuwa na wenzake wawili wa kweli, waliolipwa na wale wanaofaidi kazi yake, maneno ya kumsonga yasingalikuwa na nguvu, na mgeni asingalipewa funguo peke yake. Ujerumani imeliona jambo hili, na tangu mwaka 2022 imetenga fedha za umma, kwa mfuko uitwao Sovereign Tech Fund, kuwalipa watu wanaotunza programu huria ambazo taifa lazitegemea. Ni mfano mwema. Barabara hutengenezwa kwa fedha za wote kwa sababu wote hupita; na vifurushi hivi ni barabara.

Nasi tusijitoe katika shauri hili kwa kusema ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hesabu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hutunzwa kwa DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo imejengwa kwa Java na JavaScript, yaani kwa vifurushi vya maghala kama yale tuliyoyataja. Vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaotengeneza programu za kulipia maji, umeme na karo huchota kisimani humo humo. Mama anayelaza mtoto wake zahanati hakuchagua kifurushi, aliyemchagulia ni fundi, na nyuma ya fundi ni mkuu wa ofisi aliyesema "fanyeni haraka." Basi mkuu wa ofisi ajue kwamba saa ya kusoma toleo jipya ni saa ya kazi, wala si uvivu, na aiweke katika hesabu ya mradi kama anavyoiweka bei ya mashine. Na vijana wenye uwezo wajitokeze kuwasaidia watunzaji wa vifurushi wanavyovitumia, kwa majina yao ya kweli na kwa kazi ya kweli, ili siku mtunzaji akichoka, mkono ulio karibu naye uwe ni wa rafiki.

Hujuma ile haikuzuiwa na sheria, wala na ukuta wa moto, wala na kampuni yenye mabilioni. Ilizuiwa na mtu mmoja aliyeona kwamba mlango unachelewa kwa nusu sekunde, akakataa kusema "si kitu." Hatuwezi kuitegemea bahati hiyo mara ya pili. Yatupasa tuwafundishe wengi wawe na jicho hilo, na tuwape nafasi ya kulitumia kabla mzigo haujaingia ndani.